Si lazima kuchora picha 24 kwa sekunde

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba mtoto unayemchora akikimbia katika Krita, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, anaonekana kushtukashtuka na kubadilika ukubwa, ingawa unachora kwa mfuatano kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho, na unauliza iwapo ni lazima uchore picha 24 kwa kila sekunde. Si lazima, wachoraji wengi wa katuni huchora 12 tu, kila moja ikakaa kwa fremu mbili, yaani nafasi mbili kati ya zile 24 za sekunde, na jicho huridhika.

Kwa maoni yangu, kasoro imo katika huo mfuatano wenyewe. Anza na mikao mikuu, yaani mguu unapogusa ardhi, mwili unaposhuka kubeba uzito, miguu inapopishana na mwili unapokuwa hewani, kisha ujaze za katikati huku ukiwa umewasha kipengele kinachoonyesha kwa ufifi picha iliyotangulia na inayofuata, ili ulinganishe kimo cha kichwa kila mara. Rangi iache mpaka mwendo ukuridhishe. Mimi niliwahi kuitanguliza, nikalazimika kufuta karibu kila kitu. Video utaitoa kupitia menyu ya faili.