Foronya za marehemu mama zitakaaje ukutani?

Swali: Shikamoo mama. Marehemu mama ameniachia foronya alizodarizi mwenyewe, moja ina njiwa wawili na maneno "Lala salama", pamoja na vitambaa vya makochi vya kufuma. Vimeingia umanjano, vingine vimetoboka. Nataka kuvitia kwenye fremu nivitundike sebuleni. Fundi anasema tuvigandishe kwa gundi ya mbao kwenye plaiwudi. Nikubali?
*Msomaji, Mikindani*

Jibu: Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu mama. Fundi mwachie fremu tu. Gundi ikishapenya kwenye uzi haitoki tena, na kitambaa hukakamaa. Vishone.

Kwanza fua. Gusa nyuzi za rangi kwa pamba iliyolowa. Zikichuja, hiyo usiiloweke. Zilizo salama zilaze usiku kucha kwenye maji yenye sabuni kidogo, suuza, kisha tandaza kivulini. Usianike kwenye kamba, maana kazi ya kufuma ikilowa huvutika. Dawa ya kung'arisha nguo achana nayo, pamba kuukuu hiyo itachanika. Wala usitie wanga, utawaita mende.

Foronya usiikate! Ikunje mpaka njiwa wakae katikati na palipotoboka paende nyuma, ishikize kwa mishono midogo kwenye kipande cha marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ndipo fundi aivute hiyo marekani juu ya plaiwudi. Vile vya kufuma viwekee kaniki, kitambaa cheusi, chini yake, kila tundu la ua litaonekana. Ila kaniki yenyewe ifue na kuifua tena mpaka maji yatoke meupe, la sivyo itachujia kazi ya mama, na hapo hakuna dawa.

Ya "Lala salama" mimi ningeipeleka chumbani. Sebuleni wageni watadhani unawafukuza.

Kioo kisiguse kitambaa. Fundi aweke vijiti vyembamba pembeni kuvitenganisha. Kama nyumba yenu ni ya zamani, ya mawe na chokaa, kuta zake hunyonya maji na chumvi, kwa hiyo gandisha kipande cha ndala kuukuu kwenye kila pembe ya nyuma ya fremu, hewa ipite. Chagua ukuta wa ndani usiopigwa jua. Mvua zikishika, Desemba hadi Aprili, shusha fremu mara moja moja uikague mgongo. Ukiona vidoa vya ukungu, ihamishie ukuta mwingine.