Programu yangu inashinda ikicheza na nakala yake, ikipewa binadamu inakwama

SWALI: Nasomea shahada ya uzamili hapa Nairobi. Natumia mchezo wa video wa kupika, wachezaji wawili wawili, nipate modeli, yaani mfano wa kompyuta, ya jinsi watu wanavyofikiri wakishirikiana kazi. Programu imejifunza kwa kucheza na nakala yake na inazoa alama. Ikichezeshwa na mtu inavurunda. Tatizo liko wapi?

JIBU: Huenda hesabu zako ziko sawa, ila ulichounda si modeli ya mtu. Programu ya namna hiyo huzoea mwenzake asiyesitasita. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliyaona haya mwaka 2019 kwa toleo rahisi la Overcooked, mchezo wa video wa kupika kwa ushirikiano: vitunguu 3 sufuriani, supu ikiiva inapakuliwa na kupelekwa. Programu zilizojifunza zenyewe kwa zenyewe zilishindwa kuelewana na watu. Iliyofunzwa pamoja na modeli iliyotokana na rekodi za watu wakicheza ilifanya vizuri zaidi.

Kwa hiyo anza na rekodi za watu, na usiishie kwenye alama. Chukua njia nyembamba ya kupita mtu mmoja: huyu ana kitunguu, yule ana sahani, wamekutana uso kwa uso. Nani arudi nyuma? Programu yako inasimama tu, maana nakala yake ingeshapisha. Mtu anangoja kidogo, anajaribu kupenya, kisha anafoka, "Si unipishe!" Hapo ndipo fikra zinapoonekana. Hifadhi kila hatua: nani yuko wapi, ameshika nini, skrini ilimwonyesha nini.

Ukitaka kueleza fikra zenyewe, jaribu ACT-R, mfumo wa kompyuta wa kuiga fikra za binadamu, wa mwanasaikolojia John Anderson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Humo fikra ni kanuni za "ikiwa hivi, fanya vile"; kila kanuni huchukua takriban milisekunde 50, na kumbukumbu isiyotumika hufifia. Kama ni kutabiri hatua inayofuata tu, modeli inayojifunza kuiga rekodi za watu inatosha.

Wakitafuta watu wa kurekodi, najua wengi hukimbilia vibanda vya PS (PlayStation) mtaani. Si vibaya, lakini marafiki wanaocheza pamoja kila jioni wana ishara zao, kama makanga anavyogonga bodi na dereva wake akaelewa. Wachanganye na wasiojuana, na wengine uwaweke kando kwa majaribio, modeli isiwaone kabla. Rekodi maneno pia, Sheng na yote. Ukiyasanifisha mapema utapoteza nusu ya maana.

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kitafute kabla ya kurekodi, na kwa walio chini ya miaka 18, ridhaa ya mzazi.