Kemia ogania mwaka wa pili: mishale, ripoti na sapu

Maswali kuhusu kozi hii huanza kumiminika mara karatasi za CAT ya kwanza (jaribio la katikati ya muhula) zinaporudishwa. Tumechagua machache na kuyafupisha. Alama na tarehe hutofautiana chuo hadi chuo, kwa hivyo pale tunaposema "kwa kawaida", fungua mwongozo wa kozi uliopewa wiki ya kwanza uhakikishe.

Niliulizwa nionyeshe jinsi propeni inavyomenyuka na bromidi ya haidrojeni. Zao langu ni sahihi, 2-bromopropani, lakini nimepewa 2 kati ya 6 na mishale yangu yote imezungushiwa wino mwekundu. Kosa liko wapi ikiwa jibu ni lile lile? (Mwaka wa pili, Ngara)

Hukuulizwa jibu. Uliulizwa njia, na njia ndiyo iliyobeba alama. Kidato cha tatu na cha nne ulifundishwa majina, familia za misombo, na kitendanishi gani kinageuza hiki kuwa kile. Aliyeikariri ile chati ya mishale kutoka alkeni hadi alkanoli alipita KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, vizuri tu. Chuoni chati hiyo inakuwa ndefu kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, na ndiyo maana msahihishaji anataka kuona elektroni zikitembea.

Mshale uliopinda unaonyesha safari ya jozi ya elektroni. Hauonyeshi safari ya atomu. Mkia wake unakaa pale elektroni zilipo sasa, yaani kwenye bondi au kwenye jozi pweke (elektroni mbili zisizo kwenye bondi), na kichwa kinaelekea zinakokwenda. Katika swali lako mwenye elektroni za kutoa ni bondi maradufu ya propeni. Mshale wa kwanza basi unaanzia katikati ya bondi hiyo na kuishia kwenye haidrojeni ya HBr. Papo hapo mshale wa pili unatoka kwenye bondi iliyo kati ya H na Br na kutua juu ya Br. Wengi huanzia kwenye haidrojeni kwa sababu macho yanaona ndiyo "inayohama". Lakini H⁺ haina elektroni hata moja. Kuanzia mshale hapo ni kama kutuma M-Pesa kutoka kwenye laini isiyo na salio.

Haidrojeni inatua kwenye kaboni ya mwisho, na chaji chanya inabaki kwenye kaboni ya kati. Hapo lazima uichore kabokatayoni, yaani hiyo molekuli yenye kaboni ya chaji chanya, pamoja na chaji yake, na Br⁻ pembeni. Kisha mshale wa tatu unatoka kwenye jozi pweke ya Br⁻ hadi kwenye kaboni yenye chaji. Chaji iko katikati kwa sababu kabokatayoni ya daraja la pili (kaboni yenye chaji imeshikana na kaboni mbili) ni tulivu kuliko ile ya daraja la kwanza (imeshikana na moja), na hiyo ndiyo sentensi yenye alama. Kuandika "kwa mujibu wa kanuni ya Markovnikov" halafu ukaweka nukta hakutoshi. Markovnikov aliitoa kanuni yake karne ya 19, kabla elektroni haijagunduliwa mwaka 1897. Yeye alikuwa na sababu ya kutozitaja elektroni. Wewe huna.

Kabla ya kugeuza ukurasa, kagua vitu vitatu: kila kaboni ina bondi zisizozidi nne, jumla ya chaji haibadiliki kutoka hatua moja hadi nyingine (hapa unaanza na sifuri, kisha +1 na −1, kisha sifuri tena), na hakuna mkia wa mshale ulioanzia hewani. Mshale wenye kichwa nusu ni wa elektroni moja, kwa mfano klorini na methani kwenye mwanga. Ukiutumia kwa HBr hapa, alama zinaondoka hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Nilikosa CAT ya pili kwa sababu barabara ya Thika ilifungwa na ajali. Nitapewa nyingine? (Githurai)

Kwa kawaida hapana. Sababu zinazokubalika ni ugonjwa wenye barua ya hospitali, msiba wa karibu, au shughuli rasmi ya chuo, na barua ipelekwe ofisi ya idara ndani ya siku zilizotajwa kwenye mwongozo. Hata hivyo mwandikie mhadhiri siku hiyo hiyo, wala usingoje wiki ya mwisho ya muhula. Kikao cha maabara ni kigumu zaidi: vitendanishi hupimwa na kutayarishwa kwa siku hiyo, kwa hivyo anayekikosa bila idhini hupata sufuri ya ripoti.

Tulipokeneka etanoli (kuichemsha na kuupoza mvuke wake), kipimajoto changu kilisimama kwenye 73 °C. Kitabu kinasema 78. Wenzangu wote wameandika 78. Nibadilishe? (Kahawa)

Usiguse. Wewe ndiye uliyepima, wao wamenakili.

Kitabu kinatoa kiwango cha mchemko kwenye shinikizo la hewa la usawa wa bahari, milimita 760 za zebaki (mmHg). Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na shinikizo hapa ni takriban milimita 620. Hewa inayokandamiza kimiminika ni pungufu, basi mvuke unatoka mapema. Ndiyo maana maji jijini huchemka karibu na 94 °C, na maharagwe huchukua muda kuliko Mombasa. Kwa etanoli, hesabu inaangukia kama 73 °C. Andika hivi: "73 °C, kwa takriban 620 mmHg". Msahihishaji anayejua jiji lake akikuta 78.4 kwenye ripoti ya Nairobi anajua mara moja kwamba matokeo yamepikwa, na kupika matokeo huadhibiwa vikali kuliko kupata matokeo mabaya.

Hata hivyo usiutwike mwinuko wa Nairobi kila mzigo. Ukisoma 65 °C, tazama balbu ya kipimajoto. Inapaswa kukaa chini kidogo ya mdomo wa mkono unaoelekea kwenye kondensa, ili mvuke uioshe wakati wote. Ikiwa juu mno, inasoma chini ya ukweli. Tena matone ya kwanza hayahesabiki. Subiri kipimajoto kitulie. Kiwango cha kuyeyuka nacho hakijali mwinuko wa jiji. Aspirini safi huyeyuka karibu na 135 °C hapa kama kwingineko, na ikianza kulainika kwenye 122, basi ni chafu.

Kuhusu daftari la maabara: wino tu, tarehe juu ya kila ukurasa, na kosa likatwe kwa mstari mmoja unaoacha kilichoandikwa kisomeke. Usifute, usipake rangi nyeupe, wala usiandike kwanza kwenye kipande cha karatasi kwa nia ya "kunakili vizuri nyumbani".

Nilitengeneza aspirini kwa gramu 2.0 za asidi ya salisili na nikapata gramu 2.85. Mwalimu ameandika "haiwezekani". Nilifanya kila hatua kama ilivyoandikwa. (Rongai)

Tufanye hesabu pamoja. Asidi ya salisili ina gramu 138.1 kwa moli, kwa hivyo gramu 2.0 ni moli 0.0145. Anhidraidi ya asetiki, mililita 5 ambazo ni kama gramu 5.4, ni moli 0.053. Hiyo ni ziada kubwa, basi kinachoweka kikomo ni asidi ya salisili. Aspirini ina gramu 180.2 kwa moli, hivyo upeo wako ni gramu 2.61. Wewe umedai asilimia 109.

Gramu zilizozidi ni maji, karibu hakika. Fuwele zikitoka kwenye faneli ya kufyonza zinaonekana kavu na kumbe zimebeba maji mengi. Acha pampu ivute hewa juu yake dakika kumi, zibonyeze kwa kizibo safi, zitandaze kwenye kioo cha saa (kisahani cha kioo cha maabara), kisha zipime kesho yake. Zipime tena baada ya saa chache. Uzito ukiwa ule ule, zimekauka. Wengine husahau kutoa uzito wa karatasi ya kuchujia, kosa la aibu lakini la kila muhula.

Halafu kuna uchafu. Chukua chembe chache, ziyeyushe kwenye etanoli kidogo, dondosha tone la kloridi ya chuma (III). Rangi ya zambarau inasema bado kuna asidi ya salisili ambayo haikumenyuka, kwa kuwa kundi lake la fenoli ndilo linalotoa rangi hiyo. Sababu ya kawaida ni maji kuingia mapema: flaski iliyooshwa na isiyokaushwa huila anhidraidi kabla haijafika kwenye kazi yake. Ripoti inayosema "asilimia 109, sampuli ilikuwa na maji, na kipimo cha rangi kilikuwa hivi" inaweza kupata alama nyingi kuliko ile ya asilimia 85 isiyoeleza chochote.

Habari zenu walimu. Binti yangu anaanza maabara na ameniomba pesa za koti, miwani na viatu. Yote ni lazima? Tena yeye huvaa hijabu. (Mzazi, Eastleigh)

Ni lazima, mama, lakini si lazima yawe ghali. Koti liwe la pamba, lifike magotini, liwe na mikono mirefu. La nailoni likishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Miwani iwe ile inayoziba na pembeni. Ya kusomea haitoshi, maana asidi huruka kutoka upande. Viatu vifunike vidole na kisigino, na vya mtumba kutoka Gikomba vinafaa kabisa mradi ni vya ngozi. Malapa yatamrudisha mlangoni. Hijabu haina shida yoyote: iwe ya pamba, ncha zake zichomekwe ndani ya koti. Wa kuangaliwa zaidi ni wenye nywele ndefu za kusuka za bandia, ambazo huyeyuka na kuwaka haraka karibu na moto. Zifungwe nyuma na ziingizwe ndani ya kola.

CAT nilipata 11 kati ya 30, mtihani 25 kati ya 70. Nimekosa 4 tu. Hawawezi kuniongezea? (Kasarani)

Una 36, na kiwango cha kupita kwa kawaida ni 40. Unaweza kuomba karatasi ihesabiwe upya kwa utaratibu wa chuo, lakini kumwendea mhadhiri ofisini kuomba "msaada" kutakuletea matatizo makubwa kuliko sapu, yaani mtihani wa marudio. Kwenye sapu vyuo vingi huhesabu karatasi ya mtihani peke yake, na hata ukipata 72 utaandikiwa 40. Maana yake ni kwamba zile 11 hazikubebi tena.

Soma hivi: chukua karatasi za miaka iliyopita, funga daftari, chora kila mmenyuko kwa mkono kwenye karatasi tupu, kisha fungua ulinganishe. Kusoma kwa macho hudanganya. Mtu huona ameelewa hadi pale kalamu inapogoma. Programu za akili mnemba zinaweza kukueleza dhana, ila zinapochora miundo huweza kupoteza kaboni au kuipa bondi tano bila kusita, kwa hivyo zikague kama unavyojikagua mwenyewe.

Asetoni iliyobaki baada ya kuosha vyombo, tuimwage kwenye sinki? Ni kidogo tu. (Ngara, tena)

Hapana. Mvuke wake hukaa ndani ya bomba la maji machafu na kuwaka kwa cheche ndogo. Kuna chupa mbili za taka. Moja ni ya viyeyusho vyenye klorini au bromini, kama kloroformu na diklorometani. Nyingine ni ya asetoni, etanoli, heksani na jamaa zao. Zimetenganishwa kwa sababu zenye klorini zikichomwa hutoa gesi ya kloridi ya haidrojeni na huhitaji tanuri maalumu. Ukichanganya kijiko kimoja, chupa nzima inahesabiwa kuwa ya aina hiyo ya gharama. Asidi ya nitriki usiitie katika chupa yoyote kati ya hizo. Ikikutana na asetoni au etanoli, joto na gesi hupanda hadi chupa ikapasuka, wakati mwingine saa kadhaa baada yenu kuondoka. Na kloroformu na asetoni zikipata alkali, kama hidroksidi ya sodiamu, humenyuka kwa ukali vilevile. Soma lebo ya chupa kabla ya kumimina, na usipoiona lebo, mwite fundi wa maabara.