Maswali ya Wasomaji: Wauzaji Wangu wa Malori Wanagombania Wateja

SWALI: Mhariri, ninasimamia wauzaji sita wa malori mazito katika kampuni moja iliyo kando ya Barabara ya Enterprise. Kila mwezi huletewa ripoti ndefu za wateja waliotembelewa, lakini malori yanayotoka uwanjani ni machache. Juzi wauzaji wawili walimgombania msafirishaji mmoja hadi akaenda kununua kwingine. Je, niwaongezee kamisheni?
Meneja wa Mauzo, Eneo la Viwanda, Nairobi

JIBU: Ndugu meneja, usiiongeze kamisheni kabla ya kujua kila mteja amekwama wapi. Lori halinunuliwi kwa siku moja: mwenye mali akikubali, fundi wake atataka kujua habari za vipuri, benki itadai taarifa za akaunti, kisha trela litaundwa na gari lisajiliwe. Ripoti ya matembezi haionyeshi lolote kati ya hayo. Kila Jumatatu, mwulize muuzaji mambo matatu tu juu ya kila mteja: amefika hatua gani, anasubiriwa nani, na jambo linalofuata litafanyika tarehe gani.

Kuhusu ugomvi, nadhani umewagawia wauzaji mitaa, na mitaa haifai katika biashara hii, kwa kuwa msafirishaji huyo huyo huwa na ofisi mjini, yadi Mlolongo na malori yake yako njiani kati ya Mombasa na Malaba. Wagawie kwa aina ya mzigo: mmoja ashike makontena, mwingine mafuta, mwingine mchanga na kokoto.

Mgawanyo huo una faida ninayoithamini kuliko zote, nayo ni kwamba muuzaji ataijua kazi ya lori analoliuza. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56, gari na mzigo pamoja, tena kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ina kikomo chake. Ikiwa kichwa cha lori na trela vitupu vina tani 18, mzigo hauwezi kuzidi tani 38. Muuzaji anayemwahidi mteja tani 45 ili apate sahihi anampeleka kutozwa faini kwenye mizani ya Athi River au Gilgil, na mteja huyo hatarudi kwako kununua lori la pili. Wapeleke wauzaji wako Mlolongo wakae na madereva siku nzima, wawasikie wakisimulia injini inavyohangaika kwenye miinuko ya Timboroa na breki zinavyochoka kwenye miteremko. Mafunzo ya ukumbini hayawezi kuwapa ujuzi huo.

Ndipo uiguse kamisheni. Ukiilipa yote siku ya kutia sahihi, muuzaji hana sababu ya kumfuata mteja benki. Mimi ningelipa sehemu moja lori linapokabidhiwa na nyingine baada ya huduma ya kwanza ya gereji. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakutaka ushauriane na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi unapobadilisha masharti ya mkataba wake, kwa hiyo usilitangaze jambo hili kikaoni kwa mdomo tu.

Na yule msafirishaji aliyeondoka, usimtume kwake yeyote kati ya wale wawili. Nenda mwenyewe pamoja na mkuu wa gereji yako, umwombe radhi, kisha umwulize lori alilonunua linafanya kazi gani.