Wimbo huo usiufute, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema tangu muachane na yule kijana ulikuwa umetulia, mpaka juzi dereva wa daladala akaweka wimbo wenu, ukashuka vituo viwili kabla ya kwako. Unauliza, mbona mtu mwenyewe anaanza kusahaulika lakini wimbo unakutoa machozi, na je, uufute kwenye simu?

Nakuandikia kwa sababu haya tukiongea kwa simu, mama yako husikia nusu, nusu nyingine anajazia mwenyewe.

Kabla ya mama yako kulikuwa na binti mmoja pale Morogoro. (Anamjua, usishtuke.) Tulikuwa tukienda dansini, na wimbo wetu ulikuwa wa Mbaraka Mwinshehe. Unaanza taratibu, sauti inalalamika, halafu gitaa la solo linaingia. Yule binti alikuwa hainuki kucheza mpaka hilo gitaa liingie. Hapo anaweka soda chini, anajifuta vidole kwenye leso, kimoja kimoja, ndipo ananipa mkono.

Akaozwa Tabora. Haikupita muda, Januari 1979, vita ya Kagera ikiwa imepamba moto, tukasikia Mbaraka kafa kwa ajali ya gari Mombasa. Redio ikawa nyimbo zake tu. Watu walilia hadharani, wanaume wazima. Mimi nilikuwa nalilia wawili, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Sasa sikiliza. Siku zile huku Bara redio ya nchini ilikuwa moja, Redio Tanzania. Wimbo hukuuchagua wala hukuweza kuukwepa. Ulikukuta kwa kinyozi, ukapita kwa jirani, ukakufuata unapiga pasi ya mkaa. Miaka miwili hivi uliniumiza. Baadaye ukaanza kuokota mengine: siku nilipopata kazi, sauti ya marehemu bibi yako akiufuatisha huku akikosea maneno, wewe mgongoni kwa mama yako. Yule binti na leso yake bado yumo, ila siku hizi amebanana na wenzake.

Wataalamu wa ubongo wanasema jambo lililotokea moyo ukiwa umechemka hushika zaidi, na sauti iliyokuwepo inashikana nalo. Tena nyimbo tunazozikumbuka sana ni za ujana, kuanzia balehe mpaka miaka ya ishirini na kitu. Wewe na huyo kijana mlikutana humohumo, usijilaumu kwamba una moyo mwepesi.

Ninachoona mimi ni kwamba nyinyi mna kitufe cha kufuta, na hicho ndicho kinachowaponza. Wimbo ukiuzuia usiusikie kabisa, hauna pa kuokota kingine. Utabaki na yeye tu, na siku dereva mwingine akiuweka, utashuka tena.

Basi usiufute. Lakini usiusikilize usiku peke yako umejifunika shuka, huko ni kujitafutia. Uweke mchana unafua, unachambua mchele, shoga zako wamejaa sebuleni wanapiga kelele. Ukikuzidi, zima, kesho weka tena.

Jumamosi ukija uje na huo wimbo. Mama yako kashasema anataka kujua huyo kijana alikuwa anasikiliza muziki gani, maana viatu vyake hakuvipenda tangu siku ya kwanza.

Baba yako