Jibu kwa aliyeuliza: "Nasali naona kama naongea na ukuta, je imani yangu imekufa?"

Mleta uzi, pole sana mdogo wangu. Nimesoma ulichoandika, na majibu ya wadau nimeyapitia yote kabla sijagusa kitufe. Kwa waliochelewa kufika: ndugu yetu kapunguzwa kazini, kabla hajajipanga mtoto wao mchanga akafariki. Mke hataki tena kusikia habari za kanisa, na yeye akipiga magoti anaona kama anaongea na ukuta. Anauliza mambo matatu: kama imani yake imekufa, kama amlazimishe mke arudi kanisani, na kama akope hela akapande mbegu, yaani atoe sadaka akitegemea muujiza, kwa nabii ambaye shemeji yake kamwelekeza.

Wengi mmemjibu kwamba imani yake ni ndogo. Mimi nakataa, na sababu ninazo.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, mkono na mguu vikafa, maneno yakapotea. Mimi nina meza ya mchele na maharage pale Mbuyuni, Moshi, kwa hiyo mchana nahangaika sokoni, usiku nauguza. Aliyewahi kuuguza mtu wa namna hiyo anajua: unamgeuza kila baada ya saa mbili, la sivyo nyonga na mgongo vinatoka vidonda. Saa nane za usiku, ukishamgeuza, ukamfuta, ukamlaza ubavu wa pili na mto katikati ya magoti, nguvu ya rozari unaitoa wapi? Nilikuwa naanza Baba Yetu, nikifika "utakalo lifanyike" nanyamaza. Kama alilotaka ni lile lililolala kitandani, mimi sikulitaka, na kumdanganya Mungu saa nane za usiku naona ni kazi bure.

Sista mmoja aliyekuja kumwona mgonjwa nilimweleza hivyo hivyo. Hakushtuka. Akaniambia nifungue Zaburi ya 88 niisome kwa sauti. Nawe ifungue leo. Zaburi nyingi za kilio zinageuka njiani: ya 13 inaanza na "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" lakini inaishia kwa kuimba. Ya 88 haigeuki. Mtu analia mchana, analia usiku, anamuuliza Mungu kwa nini anamficha uso wake, na mwisho wake ni gizani. Hakuna haleluya. Na Kanisa halikuificha. Imewekwa kwenye Sala ya Usiku ya kila Ijumaa, mapadre na watawa dunia nzima wanaisali kabla ya kulala. Maneno niliyoogopa hata kuyawaza, kumbe kuna watu wameyavalia kanzu wanayasali.

Ndiyo maana nasema imani yako haijafa. Mtu halalamiki mbele ya asiyekuwepo. Unagomba na Mungu kwa sababu bado unamhesabu kuwa yupo na kwamba neno lake kwako lina uzito. Siku ukiacha hata kugomba, hapo njoo tuzungumze upya.

Na hilo la kutosikia kitu ukisali si dalili ya dhambi iliyojificha, kama mchangiaji mmoja hapo juu alivyodai. Mama Teresa wa Kalkuta aliishi na ukavu huo karibu miaka 50, hadi kufa kwake mwaka 1997. Watu walikuja kujua barua zake zilipotolewa mwaka 2007, na bado mwaka 2016 Papa Fransisko akamtangaza mtakatifu. Alikuwa anaamka alfajiri, anakwenda kuabudu, hasikii kitu, kisha anatoka kuwahudumia wagonjwa. Kama kutohisi ni kukosa imani, basi tumwondoe na yeye altareni.

Sasa hao waliokuja msibani kwako wakasema "kazi ya Mungu haina makosa". Najua wanasema kwa nia njema, sisi sote tumelelewa na kauli hiyo. Lakini kaburi la mtoto bado bichi, acheni jamani. Yesu alifika kwa kina Martha na Mariamu akijua kabisa kwamba Lazaro atafufuka, na bado alilia kwanza. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hapo walikuwa marafiki kweli. Walipofungua midomo kumweleza kosa lake ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anawaambia hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Ayubu, ambaye muda wote alikuwa analalamika!

Jambo la pili lililonishika ni jumuiya. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki waliposisitiza jumuiya ndogo ndogo, vile vikundi vya majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, mwaka 1976, sidhani kama walikuwa wanafikiria mashuka, lakini mimi jumuiya yangu naijua kwa mashuka. Jumamosi moja walikuja kusali kwangu, na mama mmoja kitabu cha sala hakukifungua kabisa. Alifunga khanga kiunoni, akaondoa shuka lililolowa chini ya mgonjwa bila kumwinua vibaya, akaingia nalo uani. Wenzake wakiimba ndani, yeye huko nje nasikia anakung'uta, anasuuza, anaanika. Tangu hapo walipanga zamu, wengine wakanishikia meza sokoni. Sala yangu ilikuwa imekauka, wao wakasali. Soma Marko sura ya 2, yule mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia darini. Injili inasema Yesu aliiona imani ya wale waliomleta. Mgonjwa mwenyewe hajasema hata neno moja. Kwa hiyo usione aibu kubebwa. Nenda jumuiyani ukae nyuma, usiimbe kama huwezi, waambie tu "nimeshindwa kusali, nisalieni".

Mume wangu hakupona. Tulimzika, na sitakuambia kwamba baadaye nilielewa sababu, maana sijaielewa. Tumaini langu halijawahi kuwa kwamba mambo yatanyooka. Namwamini Kristo aliyefufuka, na kwamba yule niliyekuwa namgeuza usiku nitamwona akiwa mzima. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wasio na matumaini. Kuhuzunika kwenyewe hakuwakataza.

Kuhusu mke: usimlazimishe. Eliya alipochoka akalala chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, tena baada ya safari ndefu. Mama aliyepoteza mtoto mchanga ana mwili unaodai pia, maziwa yanaweza kutoka na mtoto hayupo. Kama halali, hali, au anasema hataki kuishi, mpeleke hospitali leo hii usisubiri Jumapili, na usimwache peke yake. Daktari si mpinzani wa Mungu. Wewe nenda kanisani, ukirudi msimulie habari za njiani, si mahubiri.

Mkopo wa kupanda mbegu, hapana. Hapa Moshi tunakumbuka Februari 1, 2020, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Sijawahi kuwacheka wale watu, walikuwa na shida kama zako. Ila Mungu anayesubiri ukope ndipo akusikie simjui, wala simwoni kwenye Injili. Na kwa hali yako ya sasa bila ajira, wa kukukopesha ni hao wa kausha damu tu, watakuja kubeba kitanda na jiko ukiwa bado hujaanua matanga vizuri. Hela kidogo uliyonayo nunua ndizi na nyama umpikie mkeo mtori. Shemeji akinuna, mwambie umekatazwa na mama muuza mchele wa Mbuyuni.