Maswali na Majibu: Ndugu aliyepotea na ndege ya vita hutafutwaje?

Tangu niandike habari za ndege ya mabomu ya Kimarekani iliyokutwa chini ya bahari huko Papua New Guinea, maswali hayajakoma. Mengine yametoka kwa watu ambao nao wana mtu wao aliyekwenda vitani asirudi. Nimechagua yale yaliyoulizwa na wengi.

Shikamoo mwandishi. Ndege ilianguka 1944, mtu wake akazikwa 2025. Hao jamaa walianzia wapi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Walianzia kwenye jiwe la kaburi ambalo halikuwa na mtu chini yake. Huko Livermore, jimbo la California, ukoo wa Luteni Thomas Kelly ulikuwa umeweka jiwe lenye jina lake, likachongwa na picha ya ndege ya mabomu. Watoto wa ukoo walikua wakiliona jiwe lile na kukisia wenyewe kwamba ndugu yao alifia angani. Wakubwa hawakusimulia. Uchungu ulikuwa mwingi mno.

Kelly alikuwa na miaka 21. Kazi yake ilikuwa kulenga mabomu ndani ya ndege aina ya B-24 ambayo askari wenyewe waliipa jina Heaven Can Wait. Tarehe 11 Machi 1944 walikuwa watu 11 ndani yake, wakienda kushambulia mizinga ya Wajapani ya kutungulia ndege katika ghuba ya Hansa, pwani ya kaskazini ya New Guinea. Wenzao kwenye ndege nyingine waliona moto ukitokea kwenye sehemu ya mabomu, ukashika mkia, ndege ikayumba, ikalalia kushoto, ikaingia baharini. Baadhi ya watu walionekana wakianguka au kuruka kabla haijagonga maji. Ndege za wenzao zilizunguka juu ya eneo lile, zisione hata mmoja aliye hai.

Mwaka 2013, siku ambayo Wamarekani huwakumbuka askari wao waliokufa vitani, jamaa mmoja wa ukoo ule aliamua kuulizia. Ndugu wengine wakaingia naye kazini. Walikusanya barua za nyumbani, wakaomba mafaili ya jeshi, wakatafuta hadi shajara za askari waliokuwa kwenye ndege nyingine siku ile. Shajara ndizo zilizonigusa zaidi. Kijana amerudi kambini jioni, ameona wenzake wanaungua, anachukua kalamu na kuandika alichokiona. Hakujua kwamba miaka 70 baadaye maneno yake yangemwonyesha mtu mwingine mahali pa kutafuta.

Taarifa zile zikafika kwa Project Recover, shirika la Kimarekani linalotafuta ndege zilizozama na askari waliopotea. Oktoba 2017 walipitisha chini ya bahari vyombo vinavyopima kwa mawimbi ya sauti, na mabaki ya ndege yakaonekana kwenye kina cha zaidi ya futi 200. Mwaka 2019 timu ya serikali ikashuka kukagua. Kuanzia Machi 9 hadi Aprili 13, 2023, wapiga mbizi wa jeshi la majini walichimbua eneo lile. Walipandisha mabaki ya watu, vibati vya utambulisho ambavyo askari huvaa shingoni, na pete. Kito cha pete kilikuwa kimeshatoka, lakini neno la Kiingereza la mlenga mabomu lilikuwa bado linasomeka. Pete ya Kelly. Kibati kimoja, kilicholiwa na kutu, kilikuwa cha mwendesha redio, Eugene Darrigan, na juu yake lilisomeka jina la mkewe, mtu wa kuarifiwa likitokea lolote.

Kelly alizikwa Livermore tarehe 26 Mei 2025.

Jeshi lenyewe lilikuwa wapi miaka yote hiyo? Mbona kazi waliifanya jamaa? (Msomaji, Kisumu)

Jeshi halikukaa tu. Siku ya ajali ghuba ile ilikuwa mikononi mwa adui, hakuna ambaye angepeleka mashua. Vita ilipokwisha, kikosi maalumu cha kutafuta maiti kilizunguka New Guinea hadi mwishoni mwa 1948. Hakikupata dalili yoyote ya watu wa ndege hii, na wakaandikwa kuwa hawawezi kupatikana. Kwa vifaa vya wakati ule, kitu kilicholala futi 200 chini ya maji kilikuwa kimekwenda.

Siku hizi Marekani ina idara inayoshughulikia waliopotea vitani, inaitwa DPAA kwa kifupi. Lakini ielewe hesabu inayowakabili: Wamarekani wanaozidi 70,000 wa Vita Kuu ya Pili bado hawajulikani walipo, na wengi waliishia baharini. Faili la mtu mmoja linaweza kukaa miaka bila kuguswa. Jamaa akija na karatasi zilizopangwa, ushahidi umelinganishwa, ramani imewekwa alama, faili lile linapata sababu ya kufunguliwa. Kwa hiyo anayeniuliza kama ukoo unaweza kufanya jambo la maana, namjibu ndiyo, bila kusita.

Nimeolewa Texas. Babu mdogo wa mume wangu alipotea na ndege mwaka 1943, na mama mkwe hamtaji bila kulia. Nataka kumsaidia. Nishike wapi? (Msomaji, Houston)

Mungu akulipe kwa nia hiyo. Shika karatasi kwanza, safari baadaye.

Kaa na mama mkwe, umwombe barua, picha na telegramu za jeshi. Unachotaka ni majina yake kamili, namba yake ya jeshi na kikosi chake. Jina la kikosi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu karatasi nyingi za vita zimehifadhiwa kwa vikosi.

Halafu omba ripoti ya ndege iliyopotea pamoja na watu wake, ijulikanayo kwa kifupi MACR. Jeshi la anga la Marekani lilianza kuziandika mwaka 1943, nazo zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Utakuta majina ya waliokuwemo, hali ya hewa, mahali ilipoonekana mara ya mwisho, maelezo ya mashahidi, na namba za injini na za bunduki zilizofungwa ndani. Usizipuuze namba hizo. Bahari au msitu ukishavunjavunja ndege, namba kwenye chuma ndiyo inayoweza kusema hii ni ndege gani.

La pili ni faili la marehemu, IDPF. Humo mna barua walizoandikiana jeshi na wazazi, na matokeo ya utafutaji wa baada ya vita. Nakuonya kwa upendo: lisome wewe kabla ya kumpa mama mkwe. Nyingine zina maelezo ya mwili, na zina barua za mama anayeuliza jambo lile lile mwaka hadi mwaka. Ukiambiwa rekodi za jeshi ziliungua, ni kweli moto wa St. Louis wa mwaka 1973 uliteketeza mafaili mengi ya utumishi, lakini mafaili ya marehemu ni kundi jingine, kwa hiyo usiishie hapo.

Kama angekuwa wa jeshi la anga la Uingereza, ungeelekea hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Uingereza iliyoko Kew, London, kwenye daftari za kila siku za vikosi, fungu la AIR 27, na mafaili ya ajali, fungu la AIR 81.

Jambo jingine: mahali palipoandikwa kuwa ndege ilionekana mara ya mwisho, usipafanye kuwa msumari usiong'oka. B-24 nyingine, Lady Be Good, iliondoka Libya tarehe 4 Aprili 1943 kwenda kupiga Naples, ikapotea usiku wakati wa kurudi. Ilidhaniwa kwamba imeangukia Mediterania. Kumbe ilikuwa imepita juu ya uwanja wake gizani na kuendelea kusini, mamia ya kilomita ndani ya jangwa. Watu wa mafuta waliiona kutoka angani mwaka 1958. Wale tisa walikuwa wameruka kwa miamvuli. Waliokusanyika walitembea mchangani siku kadhaa, maji yao ni nusu chupa tu, kila mtu akipata kifuniko kimoja kwa siku. Hayo yanajulikana kwa sababu rubani msaidizi, Robert Toner, aliandika shajara hadi mkono ukamshinda.

Mifupa iliyokaa miaka 80 katika maji ya chumvi inatambulikaje? (Msomaji, Zanzibar)

Kwa DNA, ikisaidiwa na meno, mifupa yenyewe na vitu vilivyokutwa karibu nayo. Ipo aina ya DNA ambayo mtoto huipokea kwa mama yake peke yake, na kwa kuwa kila chembe ya mwili ina nakala nyingi mno, huweza kubaki hata kwenye mfupa uliochakaa. Ndiyo maana wataalamu hutafuta jamaa wa upande wa kikeni: dada wa marehemu, watoto wa dada huyo, wajukuu waliozaliwa na binti zake. Watoto wa kaka hawafai kwa kipimo hicho, japo vipo vipimo vingine. Kwa Marekani sampuli huchukuliwa kwa kijiti cha pamba ndani ya shavu, na ukoo haulipi.

Ndiyo maana pia nasema haraka. Katika koo nyingi anayefaa kutoa sampuli ni bibi mmoja aliyebaki.

Na si wote hutambuliwa. Katika watu 11 wa Heaven Can Wait, wanne tu walipata majina hadi 2024: Kelly, Darrigan, rubani Herbert Tennyson, na Donald Sheppick aliyekuwa msoma ramani. Saba walikuwa bado.

Kwa heshima, hivi si kuwasumbua marehemu? Bahari nayo ni kaburi. Wangewaacha. (Msomaji, Lamu)

Nakuheshimu, na koo nyingine zimeamua hivyo hivyo, hasa za mabaharia. Sina ugomvi nazo. Ila mkumbuke mke wa rubani Tennyson. Aliishi hadi miaka 96, hakuolewa tena, na wajukuu zake wanasimulia kwamba hakuacha kuamini kuwa mumewe atarudi. Sisi tunajua kazi ya matanga: watu wanakuja, wanakaa nawe chini, wanasoma, siku zinahesabiwa, mwisho mwenye msiba anaambiwa sasa simama. Mwanamke huyu, nani angemwambia asimame? Mimi naona anayekwenda kutafuta hamsumbui marehemu. Anamhudumia aliyebaki.

Nikikutana na mabaki ya ndege ya vita nikipiga mbizi, naruhusiwa kuchukua kipande? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Usiguse hata bolti. Huenda kuna watu ndani, huenda kuna mabomu yasiyolipuka, na ndege ya jeshi la Marekani iliyozama hubaki mali ya serikali yake kwa sheria ya mwaka 2004. Piga picha, andika mahali ulipo, toa taarifa kwa mamlaka ya eneo.

Unaandika ya Wamarekani. Babu yangu alikuwa askari wa Keya (jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), wa mizinga, alipanda meli Kilindini mwaka 1944, hatukumwona tena. Nani atamtafuta? (Msomaji, Machakos)

Swali lako nililisoma nikaliweka, nikarudi tena kulisoma. Pole sana, wewe na wa nyumbani.

Siwezi kukuambia kwamba ndiye, lakini ulichoeleza kinaelekea meli Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 katika msafara wa kwenda Colombo, na ndani yake walikuwemo karibu watu elfu moja wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa makombora. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa 1,297, nao waliookolewa walikuwa zaidi kidogo ya 200. Nyambizi yenyewe ilizamishwa siku ile ile. Msiba huu ni wa watu wetu, tena mkubwa kuliko wa ndege yoyote niliyoitaja hapa, na shuleni hatukufundishwa. Inaniuma.

Hakuna atakayewapandisha watu wale kutoka kina kile. Lakini majina yapo. Askari wa Afrika Mashariki waliokufa katika meli hiyo wamechongwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Ingia kwanza kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, iliyo wazi kwa yeyote na bila malipo. Tafuta kwa tarehe ya kifo na kikosi kabla ya kutafuta kwa jina, maana karani aliandika alivyosikia: Hamisi anaweza kuwa Hamis au Khamis, Mutua akawa Mutuwa, na jina la baba likashika nafasi ya ukoo. Jaribu kila namna.

Kama hayumo, usinyamaze. Mwaka 2021 tume hiyo ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika wengi waliokufa, hasa katika Vita Kuu ya Kwanza, hawakuandikwa kwa majina kama walivyoandikwa Wazungu, ikaomba radhi na kuahidi kurekebisha. Hupokea maombi ya majina yaliyoachwa, ila wanataka ushahidi: kitambulisho cha jeshi, barua ya malipo kwa mjane, medali yenye namba pembeni. Waulize shangazi zako nani alibaki na sanduku la bibi. Ukiipata namba ya jeshi nitumie, nikusaidie kuandika barua.